Mama aliacha kwenda soko la Kongowea, Mombasa, 2020, mpaka leo hajarudi. Kwenu vipi?

BintiMatuga

Hamjambo nyote, na wakubwa shikamooni.

Nina swali ambalo mama mwenyewe amekataa kunijibu. Kila nikilianza ananiambia "aah, yamekwisha hayo", kisha ananiuliza kama nimekula.

Mama ni mkulima wa mboga huku kwetu Matuga, Kwale. Tangu niko shule ya msingi namjua ni mtu wa Kongowea. Jioni anavuna, usiku anafunga mafungu na kuyanyunyizia maji, na kabla muadhini hajaamka yuko barabarani na matenga yake akingoja gari la Likoni. Anavuka feri, anapanda gari jingine, na kunapopambazuka ameshatandaza gunia. Saa tatu au nne asubuhi mali imeisha, anarudi na unga, mafuta na hela. Karo yetu sote imetoka kwenye mchicha na bamia.

Ikaja korona. Mimi nilikuwa Nairobi. Nairobi ilifungwa Aprili 6, na Kwale, Mombasa na Kilifi zikafuata tarehe 8, kwa hiyo mpaka Julai mambo ya nyumbani nilikuwa nayasikia kwa simu tu. Nilipofika nikakuta kuna mtu anakuja na pikapu mpaka mlangoni, anazoa mboga zote na kumlipa mama bei ambayo ukiisikia unataka kulia. Nikasema sawa, ni wakati wa shida. Lakini njia zilifunguliwa. Kafyu nayo iliondolewa Oktoba 2021. Barakoa sasa tunafutia meza. Mama bado anauza mlangoni.

Afya anayo na miguu anayo. Juzi alikwenda matangani Kinango kwa matatu mbili na akarudi siku hiyo hiyo. Kaka yangu anasema mama ameonja raha, hataki tena tabu ya alfajiri. Mimi siamini, kwa sababu anachopata sasa hakifiki nusu ya kile cha zamani, na namwona anavyonuna pikapu ikishaondoka.

Wanawake wa mashambani, hasa nyinyi wa mboga: kulitokea nini miezi ile ambacho sisi tuliokuwa mjini hatukukiona? Na mbona njia zimefunguliwa na watu hawakurudi?

---

Chuma_cha_Ukunda

Dada, mama amechoka. Kuamka saa tisa ya usiku miaka yote hiyo si mchezo. Mwacheni apumzike, nyinyi mtumieni hela. Swali limejibiwa, fungeni uzi.

---

MamaMchicha_Tiwi

Huyo wa Ukunda mboga anaziona kwenye sahani tu. Nipisheni nijibu.

Marahaba mwanangu. Mimi ni wa Tiwi, na Kongowea nilianza kwenda pengine wewe hujazaliwa. Mama yako huenda tumekaa bega kwa bega bila kujuana majina. Nitakwambia ilivyokuwa kwangu, halafu wewe upime kama na kwake ni hivyo.

Watu wakiikumbuka ile miezi wanakumbuka kufungwa kwa njia. Sisi tulianza kuumia kabla ya hapo, kwa kafyu. Ilianza Machi 27, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa ofisini hizo ni saa za kukaa nyumbani na kulala. Kwa Kongowea ndizo saa zenyewe za kazi, maana mnunuzi wa jumla, mwenye kibanda cha mtaani, mpishi wa hoteli, wote hao hununua kungali giza. Soko likasogea mbele kidogo ili lifuate amri, lakini halikusogea sawa kwa kila mtu. Anayekaa Kisauni akitoka mlangoni saa kumi na moja yuko sokoni muda si muda. Sisi wa ng'ambo tutoke saa hiyo hiyo, tungoje gari, tukae foleni ya feri, tutafute gari la pili. Tunafika jua limeshachomoza na mnunuzi keshajaza gunia lake. Anayebaki ni mpita njia wa fungu moja, na hilo moja anataka umwongezee.

Gari nalo lilikuwa na yake. Matatu ya watu 14 iliamriwa ibebe 8. Vile viti sita vilivyokaa bure tulivilipa sisi. Nauli ilipanda karibu mara mbili, na tenga likaanza kutozwa kama mtu kwa sababu limekalia nafasi ya mtu. Naingia mimi na matenga mawili, natozwa watu watatu.

Halafu ikaja ile ya Aprili 8, na hapa ndipo penye jibu lako. Amri ilizuia watu. Mizigo iliruhusiwa kupita. Ni haki, nani anataka Mombasa ilale njaa? Lakini mwanamke wa kijijini mali yake haina gari. Gari ni yeye. Mboga zangu zilikuwa zinavuka kwa sababu mimi ninavuka. Sasa ikawa mchicha una ruhusa na mwenye mchicha hana. Aliyekuwa na pikapu, dereva na karatasi ya kuonyesha kizuizini akawa ndiye njia, na hakukuwa na njia nyingine.

Mwanzoni tulikaa tukingoja. Nilivuna nikidhani watafungua wiki ile ile. Mchicha haujui kungoja: asubuhi umesimama, jioni umelala, kesho yake unanuka. Bamia ukiichelewesha siku mbili imekuwa kuni. Tuligawia majirani mpaka majirani wakaanza kutukimbia, kwa kuwa nao walikuwa na zao. Zilizobaki tukalisha mbuzi. Na huku namwona shemeji yangu nazi zake kazirundika ukutani, hazina haraka na mtu, mwezi wa pili unaingia bado ni nazi. Korosho ziko guniani. Mihogo iko ardhini inaongezeka. Siku ile nilifikiri sana. Kwetu minazi na mikorosho ni ya wanaume, wamerithi kwa baba zao. Sisi tunapewa kipande karibu na kisima tulime mboga. Kwa hiyo vya kungoja ni vyao, vya kuoza ni vyetu. Sidhani kama kuna mtu Nairobi aliketi akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyotuangukia.

Wengine wakasema basi tusuke makuti, makuti hayaozi. Kweli. Lakini mnunuzi mkubwa wa makuti ni hoteli na nyumba za wageni za Diani, na hizo zilikuwa zimefungwa, waezekaji wenyewe wamerudi makwao. Nilisuka rundo, nikaliweka nyuma ya jiko. Wa kwanza kulikagua walikuwa mchwa.

Ndipo akaja mtu wa pikapu. Simtaji, na wala hakuwa mtu mbaya. Fungu ambalo kwa jumla nilikuwa nauza shilingi 10 alilichukua kwa 4. Tena halipi papo hapo, anasema "nikiuza nitakutumia". Wakati ule kutuma mpaka shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa bure, tangu katikati ya Machi mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo alikuwa anatuma vipande vipande: leo mia sita, keshokutwa mia tatu. Mwisho hujui hii ni ya mboga za Jumatatu au za wiki jana. Na si kila mwanamke ana laini yake. Jirani yangu alikuwa analipwa kupitia simu ya mume, na mume amerudi kutoka Diani hana kazi na ana mawazo. Hesabu hiyo imalize mwenyewe.

Kuna na la chama. Chetu kilikuwa kinakaa Ijumaa baada ya swala, pesa zinawekwa mezani, anayekopa anakopa pale pale wote tunaona. Mikutano ikakatazwa. Vijana husema "si mngechanga kwa simu". Tulijaribu. Ukikosa kulipa umeketi mbele ya wenzako, uso unakushuka, na wiki ijayo utalipa hata kwa kuuza kuku. Ukikosa kwa simu unazima simu. Kidogo kidogo wenye mikopo wakanyamaza, tukaona bora sanduku ligawanywe kila mtu ale na wanawe. Tukala. Lile sanduku ndilo lililokuwa linanunua mbegu, dawa na nauli.

Na watoto wote nyumbani, tangu Machi mpaka Januari ya mwaka wa pili, ukitoa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walioitwa Oktoba. Chakula cha mchana cha shule kikahamia sufuriani kwangu. Maji ya kunawa mikono kila saa yalitoka kisima kile kile na yalibebwa na kichwa hiki hiki. Wavulana walisaidia kidogo, wasichana walisaidia sana. Wasichana wengine hawakurudi tena darasani, na hilo sitaki kulieleza hapa.

Sasa kwa nini hatukurudi sokoni. Kwale ilifunguliwa mapema Juni, na kafyu ikasogezwa ikawa saa tatu usiku mpaka saa kumi. Lakini Mombasa ilibaki imefungwa mpaka Julai 7, na mimi Kwale nitamuuzia nani, wenzangu wote wana mchicha. Julai ilipofika nikafunga mafungu nikaenda. Nafika, mahali pangu pamekaliwa. Pale hatuna hati, haki yako ni kuonekana. Ukikosa wiki mbili wanakuuliza ulikuwa unaumwa. Ukikosa miezi mitatu hakuna anayekuuliza kitu. Aliyekaa ni mama kama mimi, wa Kisauni, mumewe aliachishwa kazi naye akaanza kuchuuza. Nikaangalia mboga zake. Mimi hufungia mgomba mkavu na fundo langu nalijua, wenzangu wengi wanatumia raba. Yalikuwa mafungu yangu! Yule mtu wa pikapu kamuuzia yeye. Yaani mchicha wangu, mahali pangu, na mimi nimesimama mbele kama mteja. Nilimwambia. Tulicheka wote wawili, tungefanyaje. Akanisogezea pembe ya gunia nikauza zangu siku ile, lakini kesho yake nimwambie nini? Naye ana watoto.

Wateja nao walikuwa wamebadilika. Mpishi wangu wa miaka mingi, hoteli yake haikufunguliwa tena. Mwingine nilimkuta ana namba ya mtu wa pikapu.

La mwisho, na hili muulize mama kwa upole, msiwe mbele za watu: ana deni? Mimi Mei niliishiwa mbegu. Mtu wa pikapu akaniletea mbegu na mbolea, nikamwombea dua. Hatukuandikiana. Ilieleweka tu kwamba mavuno ni yake, na bei ni yake. Deni likikaribia kuisha analeta nyingine. Kurudi Kongowea kunataka nauli, kunataka hela ya kula mpaka wateja wakuzoee upya, na kunataka uso wa kumnyima mboga mtu aliyekulisha Mei. Nauli inapatikana. Uso ndio mgumu.

---

Kenta_Kinango

Mimi ni mmoja wa hao wa pikapu, ingawa si huyo wa Tiwi. Naomba nisirushiwe mawe mpaka nimalize.

Hizo shilingi mnazoona nimekula, zigaweni vizuri. Petroli ni yangu. Kila kizuizi karatasi nilikuwa nayo, halali kabisa, na bado palikuwa na ya chai. Sokoni nako bei haikuwa ile mnayoikumbuka: hoteli zimefungwa, shule zimefungwa, harusi hakuna, matanga watu 15. Nani ananunua mboga kwa magunia? Kuna siku gari lilikwama foleni ya feri mpaka kafyu ikanikuta, nikalala na bamia zenu kwenye usukani. Asubuhi nusu nilimwaga. Hasara ile sikumpigia mama yeyote simu kwamba turudishiane.

Tena kuna vijiji ambavyo kama si sisi mngelisha mbuzi mpaka leo. Mama wa Tiwi mwenyewe amesema.

Na bei ya sasa? Biashara. Mama akiniambia kwa hiyo bei hauzi, sitamshika mkono. Mbona hawasemi?

---

MamaMchicha_Tiwi

Ahsante kwa kusema yako wazi, wenzako wanasoma na kunyamaza. Ya petroli na ya chai naamini, hata hiyo ya kulala kwenye usukani naamini.

Hatusemi kwa sababu mimi nikikunyima mboga wewe una vijiji vingine kumi. Wewe ukinikataa mimi nina mbuzi.

---

MamaMaharage_Rombo

Poleni sana dada zangu. Mimi ni Mtanzania, niko Rombo, Kilimanjaro. Naomba niongeze la huku, kwa sababu watu wanadhani sisi hatukuguswa.

Ni kweli hatukufungiwa. Shule zilifungwa Machi 17 zikafunguliwa Juni 29, lakini magulio, mabasi na mashamba viliendelea. Sasa sisi tunaokaa mpakani soko letu liko Taveta, upande wenu. Maharage na vitunguu vyetu vinaliwa Kenya. Mei 16 mwaka 2020 Rais Kenyatta alitangaza mpaka umefungwa, isipokuwa magari ya mizigo, na madereva wapimwe. Niliposoma alivyoandika mama wa Tiwi nikasema huyu ananisimulia mimi. Lori la mtu mmoja lenye tani za maharage linapita. Mimi na debe langu kichwani nilihesabiwa abiria, na maharage yangu hayakuhesabiwa mzigo.

Zilikuwepo njia za panya. Vijana wa bodaboda walikuwa wanavusha, kila debe na bei yake, na ukikamatwa upande wa pili umepoteza vyote. Wapo wenzangu walijaribu. Mimi nilikuwa na kichanga mgongoni, sikuthubutu.

VICOBA vyetu, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, viliendelea kukaa, hatukukatazwa, ila marejesho yalilala. Utamdai vipi mtu ambaye soko lake liko ng'ambo na ng'ambo hakuendeki? Tuliahirisha kugawana mpaka watu wakaanza kutazamana vibaya.

Mpaka ulipolegea nilirudi Taveta, lakini sitandazi tena. Nauza kwa mwenye stoo pale pale karibu na mpaka, narudi mapema. Bei ni ndogo ila sina wa kugombana naye kuhusu mahali. Maharage yana subira kidogo, nashukuru. Ningekuwa wa nyanya sijui.

---

Mjitoleaji_Ganze

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Ganze, Kilifi, natembea nyumba kwa nyumba. Sokoni siendi ila nina moja linalogusana na hili.

Kujifungua hospitalini kulikuwa bure, kwa ule mpango wa Linda Mama. Na amri ya kafyu haikumkataza mgonjwa kupita. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Lakini huku ambulensi ya mtu wengi ni bodaboda, na tatizo la bodaboda lilikuwa safari ya kurudi. Akimfikisha mama zahanati saa nane za usiku, yeye anarudije? Akisimamishwa hana mgonjwa wa kuonyesha, amebaki yeye, pikipiki na kafyu. Wengi wakawa hawapokei simu ikishafika saa moja. Wengine walikubali kwa sharti la kulipwa mpaka asubuhi, alale huko huko.

Tukaanza kuwaambia wajawazito: ukisikia kiuno mchana usingoje, nenda, kaa kwa ndugu aliye karibu na zahanati. Wenye ndugu walikwenda. Wasio na ndugu tuliwakuta asubuhi wameshajifungua nyumbani na mkunga, wengine salama.

Ninachotaka kusema ni kwamba katika nyumba ninazozunguka, mama wa mboga ndiye alikuwa na hela ya boda kwenye pindo la leso bila kumwomba mtu. Soko lilipokatika, hata hiyo ilibidi iombwe, tena usiku, uchungu umeshaanza.

---

Chuma_cha_Ukunda

Mama wa Tiwi, na huyo wa Kisauni bado yuko pale?

---

MamaMchicha_Tiwi

Yuko. Tunasalimiana. Siku hizi ananiwekea mahali nikichelewa.

---

BintiMatuga

Nimesoma yote, ahsanteni. Jana usiku nilimpigia mama nikamsomea, nikianza na mama wa Tiwi.

Pale pa "mchicha wangu mahali pangu" alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanyamaza, akaniambia yeye pia alikwenda. Septemba 2020. Sote hatukujua! Aliondoka alfajiri kama zamani na matenga mawili, akakuta pale pake pamejengwa meza ya mbao ya mtu, akauza kwa kuzunguka nayo kichwani, na kilichobaki akamwachia mama mmoja amuuzie. Kurudi nyumbani alimwambia kaka kwamba alikwenda kliniki. Kaka nimemtumia uzi huu, mpaka sasa hajajibu.

Deni nilimuuliza kwa upole kama ulivyosema. Anasema alilimaliza 2022. Kinachomfunga ni kwamba alipofiwa baba mdogo, yule mtu alikuja na gunia la mchele na sukari, akakaa matanga siku zote tatu. "Sasa leo nimwambie nini? Kwamba mboga zangu ni nzuri kuliko mchele wake?"

Na amenipa ujumbe: wanaofungia mgomba Kongowea ni wengi, lakini kama wewe ndiye uliyekuwa ukikaa upande wa wauza ndimu na ukipenda kugombana na mahamali, anakusalimu.

---

MamaMchicha_Tiwi

Mwambie nagombana nao bado.

Mwanangu, mama asimwache yule mtu ghafla. Bamia ampe yeye aendelee nayo, bamia inaweza kukaa siku moja na bei yake haitofautiani sana. Mchicha na mnavu aje navyo mwenyewe. Hapo hakuna aliyenyimwa, na mchele wa watu umeheshimiwa. Mimi nilifanya hivyo na mtu wangu, alinuna mwezi mmoja akazoea.

Sisi hapa Tiwi tumekusanyika wanawake kadhaa, tunakodi pikapu siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Hatwendi wote. Wanakwenda wawili kwa zamu na mali ya wote, kila mtu na alama yake kwenye fungu, na hesabu inasomwa chamani. Ndiyo, chama kimerudi, sanduku jipya, ila mikopo sasa ni midogo mpaka tuaminiane tena. Gharama ya gari tunagawana kwa tenga, wala si kwa kichwa, ili mwenye kidogo asiumie.

Gari linapita Kombani na Waa kungali giza. Nafasi ya matenga mawili ipo kwa sababu mwenzetu mmoja amehamia kwa mwanawe Malindi. Aanze kwa kututumia mboga tu, zamu ya kwenda atapewa akishaona hesabu zetu. Na aje na mchicha ule mwekundu kama anao, mweupe tumejaa.

Namba yangu nakutumia kando. Nikiiandika hapa Kenta ataipiga kabla yako.